Stendi Nne, Kigoda Kimoja

Saa tano kasoro robo asubuhi Inspekta alisimama mlangoni mwa gereji, faili kwapani, akilitazama gari lililoua mtu juzi. Saa tisa kamili mchana Mkuu wa Kituo angemfikisha mtuhumiwa mahakamani kwa kosa la kuua kwa kukusudia. Na huyo mtuhumiwa alitiwa pingu na nani? Na yeye Inspekta, kwa mikono yake hii hii, mbele ya waliokuja kulia. Tangu jana asubuhi alikuwa na wasiwasi uliomkaa kifuani kama tonge lililokwama. Kituoni askari walimwita Bi Kwa Nini, kwa jinsi mdomo wake usivyochoka kuuliza, na leo maswali yalikuwa yamemgeukia mwenyewe.

Marehemu alikuwa fundi saa. Mtaa ulimwita Nusu Mili, yaani nusu milimita, maana ukimpelekea saa iliyochelewa dakika moja kwa mwezi alikuomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyeichelewesha. Miaka sita nyuma aliagiza gari lililokuja vipandevipande katika makasha kumi na moja: mabomba ya chesisi, bodi nyepesi ya faiba, boliti kwenye mifuko, na kitabu kinene cha maelekezo. Ni gari la kuunganisha mwenyewe nyumbani kwako, ukiwa na subira. Wenye midomo walisema litatoka gerejini siku kuku atakapoota meno. Juzi saa nane mchana likamwangukia, akafa palepale.

Mahabusu alikuwa dereva wa lori, mdogo wa kiume wa mjane wa marehemu, yaani shemeji yake. Alama za viganja vyake zilikutwa kwenye mpini wa jeki, na valvu ya jeki ilikutwa imefunguliwa. Wifi Mkubwa, dada wa marehemu, aliapa kwamba kijana huyo alilitolea gari macho siku nyingi. Kijana mwenyewe alipoulizwa alitoa maneno mawili tu: "Andikeni mnachotaka." Inspekta akaandika. Ee Mungu, alivyoandika kwa haraka!

"Sogea kidogo, mama, usinizibie mwanga," sauti ilisema nyuma yake.

Alikuwa Mzee Spana, fundi wa magari ya polisi, mtu mnene, mwenye mdomo mrefu kuliko orodha ya vifaa vyake. Aliweka sanduku lake chini, akalizunguka gari mara mbili akiguna. Majirani walilitoa juu ya maiti juzi wakaliegesha juu ya magogo, pua imeinama kushoto. Halikuwa na magurudumu. Yote manne yalikuwa yameegemea ukuta, matairi mapya, kila moja limefungwa kwa karatasi kama mkate.

"Faili linasemaje?" aliuliza.

"Jeki ilikuwa imeshikilia gari. Marehemu yuko chini. Mtu akafungua valvu, gari likashuka."

"Nani alikwambia jeki ilishikilia gari?"

"Si ilikuwa hapo pembeni?"

Mzee Spana akamtazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyejumlisha ng'ombe na viatu. "Inspekta, jeki ni ya kunyanyulia. Hakuna fundi mwenye akili anayelala chini ya jeki, labda awe ameichoka dunia. Unanyanyua, unaweka stendi za chuma, unalishusha gari lilale juu ya stendi. Halafu unafungua valvu, jeki inashuka, unaivuta kando. Valvu iliyo wazi maana yake mtu alifanya kazi yake vizuri. Stendi si hizo nne hapo? Mbili zimelala chali."

"Na alama za viganja vya shemeji?"

"Majirani walilinyanyua gari kwa kitu gani, kwa sala?"

Inspekta akafungua faili. Maelezo ya shahidi wa tatu, mwashi wa nyumba ya pili: *Tulipofika, yule mdogo wake mama ndiye aliyekuwa anapiga jeki, analia kwa sauti.* Alikuwa ameyachukua maelezo hayo mwenyewe na kuyasoma mara mbili. Yakampita kama upepo, kwa sababu wakati huo tayari alikuwa na mtu wake mkononi.

Alimpigia Mkuu wa Kituo simu. Mkuu akamsikiliza, akakohoa.

"Kwa hiyo si jeki."

"Si jeki, Mkuu."

"Haya. Na ukweli kwamba hajitetei? Mtu asiye na hatia anapiga kelele. Niletee mtu mwingine, au niletee sababu iliyoliangusha gari. La sivyo saa tisa huyo kijana anapanda gari la mahakamani." Simu ikakatwa.

Mzee Spana alikuwa ameshapiga magoti. Alitoa gololi mfukoni, akaiweka sakafuni katikati ya gereji. Gololi ikatulia. "Sakafu iko sawa. Lawama si ya sakafu." Akaiweka sehemu tatu nyingine, kote ikatulia.

"Tulirudishe lilivyokuwa juzi," Inspekta alisema. "Stendi nne, mahali palepale."

"Palepale ni wapi?"

"Si utaona alama tu?"

Alama zilikuwepo kweli. Chini ya bomba kuu la chesisi, kila upande, Nusu Mili alipaka vidoti vya njano, viwili mbele na viwili nyuma, na karibu na kila kimoja aliandika kwa kalamu ya rangi: STENDI HAPA. Mzee Spana akacheka kwa pua. "Huyu jamaa, Mungu amrehemu, angeweza kuandika na saa ya kula."

Kazi ilianza. Mzee Spana aliisukuma jeki chini ya bomba la katikati, akaweka kipande cha mbao kati ya chuma na chuma. "Faiba usiiguse na jeki," alisema, "utaitoboa kama ganda la yai. Hili si gari la dukani lenye sakafu ya bati. Uzito wote uko kwenye haya mabomba." Akapiga mpini mara nne, akasimama. Inspekta akasukuma gogo chini, kidole kimoja kabla ya chesisi. Mpini mara nne tena, gogo jingine. Hivyo hivyo, kidogo kidogo, gari likipanda, gogo likilifuata, ili likiamua kushuka lisiende mbali. Kila chuma kilipolia, Inspekta aliruka. Mara mbili mzee alimwambia atoe mkono wake pale alipouacha bila kujua.

Walipomaliza pua walihamia nyuma. Stendi nne zikasimama kwenye vidoti vya njano, pini zote zimeingia hadi mwisho. Jeki ikashushwa, ikavutwa kando, magogo yakaondolewa. Gari likalala juu ya miguu minne ya chuma, jepesi, tulivu, kama meza.

Mzee Spana akalisukuma kwa bega upande wa kulia. Halikutikisika. Kushoto, vilevile. Akalisukuma kutoka mbele, kwa kilo zake tisini. Kimya.

"Limekaa," Inspekta alisema. Kama limekaa, basi kuna mtu aliyeliangusha.

"Subiri." Mzee Spana alizunguka nyuma. Aliweka kiganja kimoja kwenye mkia wa gari, akaegemea kidogo tu, kama mtu anayeegemea kaunta akisubiri chenji.

Pua ya gari ikanyanyuka.

Haikuwa nyingi, upana wa kidole. Lakini stendi mbili za mbele zilibaki zimesimama peke yake, hazigusi kitu, na moja ikayumba kwa mlio mdogo wa chuma juu ya saruji.

"Mama wee!" Inspekta alirudi nyuma hadi ukutani.

"Usiguse! Usiguse chochote!" Mzee Spana hakuthubutu kutoa mkono. Alikuwa ametoa macho. "Nikiachia ghafla litarudi chini, na hizo stendi za mbele zimeshasogea. Lete gogo. La upande wako. Weka chini ya bomba, mbele. Usiingize kichwa, mama, ingiza gogo!"

Inspekta alipiga magoti, akasukuma gogo kwa mpini wa ufagio. Mzee akashusha pua polepole mpaka chesisi ikakaa juu ya gogo. Wote wawili wakakaa chini sakafuni, jasho likiwatiririka.

"Kwa nini?" hatimaye Inspekta aliuliza.

Mzee Spana akanyoosha kidole kwenye kona. Pale, juu ya tairi kuukuu, ilikaa injini nzima, imefunikwa shuka safi. "Gari lote hili ni faiba na mabomba. Uzito wake ni ule pale. Ilitolewa lini?"

Inspekta alipekua faili. "Siku moja kabla. Shemeji alikuja na winchi wakaitoa, warekebishe giaboksi."

"Ndiyo hivyo. Vidoti vya njano alivipima injini ikiwa mbele. Alivipima vizuri, simkosoi. Ila ukiitoa injini, uzito wote unahamia matakoni. Stendi za nyuma zilitakiwa zirudi nyuma shibiri mbili, na mkia ungewekewa gogo. Hakuna aliyezisogeza, maana alama inasema hapa. Na nani angebishana na alama ya Nusu Mili? Hata mwenyewe hakubishana nayo." Akayatazama magurudumu ukutani, akatikisa kichwa. "Tena hayo. Fundi yeyote huyalaza chini ya gari, ubavuni mwake, stendi zikimsaliti gari likae juu ya tairi, apate nafasi ya kupumua. Huyu hakuyalaza. Matairi mapya, yasishike vumbi."

Saa sita na nusu. Sababu ilikuwa imepatikana nusu yake. Mtu aliuegemea mkia. Nani, na marehemu alikuwa anafanya nini chini?

Inspekta alifungua orodha ya vitu vya mahabusu, ile anayoandika askari wa zamu bila kufikiri. *Suruali moja ya kaki, nyuma ina vumbi jeupe.* Alitazama mkia wa gari. Ulikuwa umepigwa msasa, haujapakwa rangi, umejaa unga mweupe. Na katikati ya unga, mahali ambapo Mzee Spana hakugusa, palikuwa na doa pana lililofutika, umbo la mtu aliyekaa.

"Alikaa," alisema kwa sauti ndogo. "Dereva wa lori. Kwenye lori unakaa nyuma kwenye bodi siku nzima, lori halijui hata kama upo."

"Gari ni gari, alidhani," Mzee Spana alisema. "Lakini kwa nini asikae kwenye kigoda kama watu?"

Gereji ilikuwa na kigoda kimoja. Juu yake, tangu juzi, kilikaa kile kitabu kinene cha maelekezo, kimefunguliwa ukurasa wa boliti za chini ya giaboksi, miwani ya kusomea juu yake.

Inspekta akakitazama kitabu kwa muda mrefu. Mtu aliyelala chini ya gari anasomaje kitabu kilicho juu ya kigoda? Kwa nini? Alipekua picha za maiti. Nusu Mili alikuwa kifudifudi, kichwa ndani, amevaa shati jeupe lililofungwa vifungo hadi mikononi, na viganja vyake, hapa alipaswa kuona tangu mwanzo, vilikuwa safi. Hakuna tone la grisi. Spana iliyokutwa kando yake ilikuwa imejaa grisi.

"Nataka kuingia chini," alisema.

"Wewe?"

"Mimi. Fanya lisianguke."

Mzee Spana hakufanya mzaha tena. Alirudisha stendi za nyuma shibiri mbili, akapanga magogo chini ya mkia, akachana karatasi za matairi mapya bila huruma na kulaza magurudumu mawili kila ubavu. Akasukuma kulia, kushoto, mbele, kisha akaegemea mkia kwa uzito wake wote. Halikujibu. "Sasa hata mimi ningelala humo nikaota ndoto. Lakini kama una sala, ipige."

Inspekta alitafuta kile kibao chenye magurudumu madogo ambacho mafundi hulalia. Alikikuta kwenye ukuta wa upande wa pili, karibu hatua nne kutoka kwenye gari, hakina hata mkwaruzo. Akasita. Kama mtu alikuwa amelalia kibao hiki gari likaanguka, kibao kingevunjika chini yake. Hiki kilikuwa kimeruka kikatoka. Kwenye kibao palikuwa na kijimto kidogo, kimefungwa kwa kamba, kwa ajili ya shingo. Alipolala, miguu yake, ya mwanamke wa kimo cha kawaida, ilizidi mwisho wa kibao. Nusu Mili alikuwa mtu mrefu.

Aliingia. Chuma kilikuwa shibiri moja juu ya pua yake. Alijiambia usiwaze, akawaza. Aliwasha tochi.

Kila boliti chini ya gari ilikuwa na mstari mmoja mwekundu uliovuka kichwa chake na kushuka hadi kwenye chuma, ili ikilegea mstari ukatike uonekane. Rangi ya kucha. Ile chupa waliyoikuta juzi kwenye sanduku la spana, ambayo sajini mmoja wa kituoni aliicheka na kusema hapo kuna mwanamke wa pembeni, maana mjane hapaki kucha. Mistari ilikuwa imenyooka kama ya rula. Alihesabu ishirini na tatu, akaona ya ishirini na nne haina mstari, na nati yake imeingia nusu tu.

Alijivuta nje, akafunua kifuniko cha mbele. Boliti za juu nazo zilikuwa na mistari myekundu. Za miaka ya kwanza, zilizoshika vumbi na mafuta, zilinyooka. Kadiri zilivyokuwa mpya zaidi ndivyo zilivyopinda, zikayumba, nyingine zikaruka nje ya chuma kabisa, mistari ya mkono uliokuwa unatetemeka.

"Watu wawili," Inspekta alisema. "Mmoja juu, mmoja chini."

Ndipo alipokumbuka ovaroli. Juzi, alipofika nyumba hii saa kumi, watu wanalia, viti vinapangwa uani, palikuwa na ovaroli moja inadondosha maji kambani. Fupi, mikono imekunjwa mara mbili na kushonwa. Alijiuliza ni nani anayefua siku ya msiba, kisha mtu akamwita, akasahau. Na alijiita mpelelezi!

Saa saba na nusu alimwita mjane gerejini. Alikuja taratibu, mwanamke mdogo wa mwili, kiwiko kimefungwa kitambaa. Alisema juzi kwamba alianguka alipopewa habari. Nyuma yake, bila kuitwa, alikuja Wifi Mkubwa, akasimama mlangoni na mikono kifuani.

"Popote anapoitwa huyu, nami nipo," alisema. "Aliyelala kaburini ni kaka yangu."

Inspekta hakubishana. Alimpa mjane ile chupa ya rangi ya kucha na kipande cha bati. "Mama, nichoree mstari mmoja."

Mjane alimtazama. Macho yalikuwa yamevimba kwa kilio, na kidevu kilikuwa kinacheza. Alifungua chupa, akafuta brashi mdomoni mwa chupa mara moja, akavuta mstari. Kidevu kiliendelea kutetemeka, lakini mstari ulinyooka kama wa rula.

"Tangu lini wewe ndiye unayefanya kazi za chini?"

Wifi akaguna. "Kazi gani? Huyu? Gari ni la kaka yangu, kaliunga kwa mikono yake."

"Mikono yake ilikuwa inatetemeka, wifi," mjane alisema bila kugeuka. "Miaka miwili sasa. Hata kikombe nilikuwa namjazia nusu. Saa alikuwa anachukua kwa wateja, anakaa nami chumbani ananielekeza, mimi nafungua, mimi nafunga. Gari vilevile. Alinisomea kitabu, mimi nikakaza. Aliniapisha nisiseme. Watu wangejua, nani tena angemletea saa?"

"Na mimi hakuniambia?" Wifi Mkubwa alishusha mikono. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Mimi niliyembeba mgongoni hakuniambia?"

Akayatazama yale magurudumu, kisha akageuka akaondoka, na walimsikia uani akiita jina la utotoni la kaka yake. Mzee Spana akavua kofia.

Inspekta alichuchumaa mbele ya mjane. "Nieleze juzi. Yote."

"Nilikuwa chini. Yeye kwenye kigoda na kitabu, ila alinyanyuka kuja kunielekeza kwa tochi, kitabu akakiacha palepale. Mdogo wangu alikuwa upande wa nyuma, ameshika taa ya waya. Ilibaki boliti ya mwisho, inanisumbua. Nikavuta spana kwa nguvu zangu zote. Nikavuta, nikasikia gari linasogea. Mume wangu akapiga ukelele. Sikuelewa. Aliingia kichwakichwa akanisukuma mimi na kibao, nikatoka upande ule nikagonga ukuta. Nilipogeuka..." Hapo alishindwa. Baadaye akasema, "Mdogo wangu aliniambia, Dada, kavue hiyo ovaroli, usiseme ulikuwa humo. Mawifi watasema umemuua kaka yao. Nami kweli nimemuua. Nilivuta spana. Niliposikia mmemkamata nilitaka kusema, kila nikifungua mdomo wifi yupo. Leo nilikuwa naja kituoni, Mungu ni shahidi. Nifungeni mimi, yeye mwachieni."

"Si wewe," Inspekta alisema.

"Nilivuta..."

"Mama," Mzee Spana aliingilia, kwa upole usio wake, "chesisi hii nimeisukuma mimi, na mwili wote huu, haikusogea. Spana yako haikuweza. Toa hilo moyoni."

Mjane aliwatazama mmoja mmoja. Kwa mara ya kwanza tangu juzi uso wake ulifunguka kidogo, kisha swali likafuata, kama Inspekta alivyoogopa.

"Basi ni nini?"

Saa nane na dakika kumi. Inspekta alikuwa na sababu yake, tena kamili, ya kumtosha Mkuu na hakimu pamoja. Angeweza kusema injini ilitolewa, akaishia hapo. Lakini faili lingesomwa mbele ya watu, na ni heri alisikie hapa kuliko kulisikia huko.

"Injini ilipotoka, gari lilibaki zito nyuma. Mtu akikaa kwenye mkia, pua inanyanyuka. Mdogo wako alikaa. Hakujua. Aliposikia stendi zinalia akaruka, na pua ikarudi chini kwa kishindo."

"Alikaa?" Mjane alikunja uso, kama anayejaribu kusikia kitu cha mbali. "Alikaa kwenye kigoda."

"Kigoda kilikuwa na kitabu."

Mjane aligeuka akakitazama kigoda, kitabu juu yake, na miwani juu ya kitabu. Alikitazama mpaka Inspekta akaanza kuogopa.

"Alikuwa ametoka safari usiku," alisema polepole. "Amesimama na ile taa tangu asubuhi. Nikamsikia anahema. Nilikuwa chini, simwoni, naona miguu yake tu, inabadilishana. Nikamwambia..." Aliweka kiganja mdomoni, akakiondoa. "Nikamwambia, kaa basi, mdogo wangu. Utaanguka."

Andikeni mnachotaka, kijana alikuwa amesema, na sasa Inspekta alijua ni kitu gani ambacho hakutaka kiandikwe. Angejitetea kwa neno moja tu, nilikaa, na dada yake angekumbuka ni nani aliyemwambia akae. Akaona bora kesi ya kuua.

Alitoka uani akapiga simu. "Mkuu, asipelekwe. Ni ajali. Ninayo sababu na ninaye shahidi, naja nao wote." Alirudi, akafungua karatasi ya maelezo ya mjane ya juzi. Penye *Kazi ya shahidi* alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mwenyewe: *Mama wa nyumbani.* Akaikata kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: *Fundi.* Akaanza maelezo upya. Alipofika pale dereva alipokaa, mjane akamshika mkono.

"Hilo la mimi kumwambia, litaingia?"

Bi Kwa Nini alikuwa na maswali matano mdomoni. Hakuuliza hata moja. "Faili linataka kujua alikaa wapi. Halijauliza kwa nini."

"Basi naye asijue kwamba nakumbuka nilichomwambia. Nitamwambia gari liliteleza tu." Akafuta uso kwa upindo wa nguo, akafunga kizibo cha chupa. "Twende nikamchukue mwenyewe."

Lakini kabla ya kutoka alikwenda penye kigoda. Akaifunga miwani, akaitia mfukoni, akakichukua kitabu na kukiweka mezani. Kisha akakibeba kigoda mpaka nyuma ya gari, akakiweka kando ya mkia, pale pale mdogo wake alipokuwa amesimama juzi, akakisogeza kidogo kikae sawa. Mzee Spana akamfungulia mlango.